Aina za Maneno na Kazi Zake: Kwa Nini Tunasema "Roho Mtakatifu"?



Somo hili limetokana na swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Wakati wa likizo nilitumwa kusaidia mafundisho ya wakatekumeni katika kigango kimoja kando ya Ziwa Viktoria, upande wetu wa Mwanza. Tulikuwa tumefika kwenye sehemu ya Kanuni ya Imani inayomhusu Roho Mtakatifu. Mama mmoja, ambaye kazi yake ni kuanika na kuuza dagaa mwaloni, akainua mkono.

"Samahani, Frateri. Mwanangu yuko kidato cha pili. Ananiambia roho iko katika ngeli ya I-ZI: roho yangu, roho zetu. Na jirani yangu ana kijitabu cha dini yake, kimeandika 'roho takatifu'. Mbona sisi tunasema 'Roho Mtakatifu'? Hapo ni nani amekosea Kiswahili?"

Nikamjibu kwamba ndivyo Kanisa linavyosema. Akaitikia, "Haya, Frateri," akakaa. Lakini nilijua sijamjibu. Nilikuwa nimemwambia ni nani anayesema hivyo, sikumwambia ni kwa nini. Nikamwomba anivumilie hadi Jumamosi iliyofuata.

Mama yule alikuwa anajiandaa kubatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Alikuwa na haki ya kujua kama herufi "m" iliyo mwanzoni mwa neno "Mtakatifu" ni kosa la sarufi, mazoea tu, au ni sehemu ya imani anayokwenda kuikiri. Nikarudi kwenye daftari langu la Kiswahili la sekondari na kwenye vitabu vya falsafa. Niliyoyapata ndiyo haya. Naanza mbali kidogo, kwenye aina za maneno, kwa sababu jibu linaanzia huko.

1. Neno hujulikana kwa kazi yake

Wanafunzi wa falsafa hukutana mapema na kitabu cha Aristotle kuhusu kauli, kinachojulikana kwa Kigiriki kama Peri Hermeneias. Humo anatofautisha jina na kitenzi. Jina hutaja kitu bila kutaja wakati. Kitenzi hubeba wakati ndani yake. Tena anasema kwamba jina peke yake si kweli wala si uongo. Nikisema "mvuvi", sijasema kweli wala sijadanganya. Nikisema "mvuvi amerudi", sasa unaweza kwenda mwaloni kuhakikisha. Ukweli huanza pale maneno yanapounganishwa na kila moja likafanya kazi yake.

Mtakatifu Agustino, ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa sarufi kwao Tagaste, aliandika karibu mwaka 389 kitabu kiitwacho De Magistro, yaani "Kuhusu Mwalimu". Ni mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodatus. Baba anachukua mstari mmoja wa mshairi Virgil na kumtaka kijana aeleze kila neno linaashiria nini. Kwenye maneno kama "mji" hakuna shida. Shida inakuja kwenye maneno madogo, kama lile lenye maana ya "ikiwa". "Ikiwa" ni kitu gani? Huwezi kukionyesha kwa kidole. Hata hivyo, ukiliondoa, sentensi inabadilika.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza: ukitaka kujua neno ni la aina gani, usiulize tu linafananaje, uliza linafanya nini katika sentensi.

2. Aina nane katika sentensi moja

Wanasarufi wa kale wa Kigiriki na wa Kilatini walizoea kuhesabu aina nane za maneno, ingawa orodha zao hazifanani na yetu kwa kila kitu. Kwa mfano, kivumishi walikihesabu pamoja na majina. Katika shule zetu pia aina zinazofundishwa kwa kawaida ni nane, japokuwa baadhi ya vitabu huhesabu saba. Tuzione zote katika sentensi moja ambayo mtu yeyote wa mwaloni anaweza kuisema asubuhi:

"Lo! Wavuvi wengi wamerudi mapema kwa mtumbwi, lakini yeye hajafika."

Nomino (jina): wavuvi, mtumbwi. Hutaja mtu, kitu, mahali au hali.

Kivumishi: wengi. Hueleza zaidi kuhusu nomino. Hapa kinatuambia idadi.

Kiwakilishi: yeye. Husimama mahali pa nomino ambayo haikutajwa.

Kitenzi: wamerudi, hajafika. Hueleza tendo au hali, pamoja na wakati wake.

Kielezi: mapema. Hueleza jinsi, wakati au mahali tendo lilipofanyika.

Kihusishi: kwa. Huonyesha uhusiano; hapa kinahusisha kurudi na chombo kilichotumika.

Kiunganishi: lakini. Huunganisha neno na neno, au sentensi na sentensi.

Kihisishi: Lo! Hudokeza hisia ya msemaji.

Sasa tazama neno la mwisho, "hajafika". Kwa Kiswahili kitenzi kimoja kinaweza kubeba sentensi nzima. "Ha-" inakanusha na kutuonyesha kwamba anayesemwa ni mtu mmoja. "-fik-" ni mzizi. Na katikati kuna "-ja-", maana yake ni kwamba tendo halijatokea hadi sasa, ila mlango haujafungwa. Linganisha na "hakufika". Herufi zilizobadilika ni mbili tu, "ja" ikawa "ku", lakini familia inayosubiri ufukweni haiwezi kuyasikia maneno hayo mawili kwa namna moja. "Hajafika" bado lina tumaini. "Hakufika" limeshafunga hesabu. Ndiyo maana pia mkatekumeni tunasema "hajabatizwa", kwa sababu yuko njiani.

Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba kiambishi ni kitu kidogo.

3. Neno moja, kazi zaidi ya moja

Kwa kuwa aina ya neno inategemea kazi, neno lile lile linaweza kuwa aina hii hapa na aina nyingine pale.

"Mvuvi huyu amerudi." Hapa "huyu" linafuatana na nomino na kuionyesha, ni kivumishi. "Huyu amerudi." Sasa limechukua nafasi ya nomino, ni kiwakilishi.

"Vyombo vizuri vimeoshwa." Hapa "vizuri" linaeleza vyombo, ni kivumishi. "Msomaji amesoma vizuri." Hapa linaeleza namna alivyosoma, ni kielezi.

"Petro na Andrea walikuwa wavuvi." Hapa "na" linaunganisha watu wawili, ni kiunganishi. "Yesu alibatizwa na Yohane." Hapa "na" halimuungani Yohane kama mbatizwa wa pili, bali linamtaja mtenda, ni kihusishi. Mtu akilichukua hili la pili kama lile la kwanza, atatoka kanisani na habari nyingine kabisa.

Na neno letu lenyewe: "Watakatifu wanatuombea." Hapa ni nomino. "Wazee watakatifu walituachia mfano." Hapa ni kivumishi. Katika "Roho Mtakatifu", neno "Mtakatifu" ni kivumishi kinachofuata nomino "Roho". Kivumishi cha Kiswahili kina sheria yake: lazima kipatane na nomino kinayoieleza. Hapo ndipo lilipo swali la mama.

4. Upatanisho wa kisarufi

Sisi wa kandokando ya ziwa hili upatanisho hatukuanza kuujua darasani. Msukuma anayesema munhu na banhu, au Mkerewe na Mhaya wanaosema omuntu na abantu, tayari wanajua kwamba jina likibadilika mwanzo wake, maneno mengine nayo hubadilika kulifuata. Mtu na watu ni jambo lile lile. Walioandika sarufi za mwanzo za Kiswahili, kama Edward Steere wa Kanisa la Anglikana mwaka 1870 na Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1909, walilazimika kuzipanga nomino kwa makundi, kwa sababu bila hayo huwezi kuunda hata sentensi fupi.

Tuseme: "Kitabu kile kikubwa kimepotea." Maneno yote yanafuata "ki-" ya kitabu. Hapa upatanisho umefuata umbo la nomino.

Sasa tuseme: "Kiongozi yule mkubwa amefika." Kiongozi naye anaanza na "ki-", mbona hatusemi "kiongozi kile kikubwa kimefika"? Vivyo hivyo tunasema "mapadre wawili wamefika", wala hatusemi "mapadre mawili yamefika", ingawa "mapadre" lina "ma-" kama "mapapai". Sababu ni kwamba nomino inapotaja kiumbe chenye uhai, Kiswahili huliacha umbo na kufuata maana. Kiongozi, kipofu, askofu, nabii, malaika, sato na sangara wote huenda na A-WA.

Msomaji makini atauliza: mbona basi tunasema "Baba Yetu" na si "Baba Wetu"? Ni kweli. Majina ya undugu na ya urafiki, kama baba, mama, kaka na rafiki, kwenye kivumishi cha kumiliki hutumia umbo la I-ZI: baba yetu, rafiki yangu. Lakini sikiliza kitenzi: "Baba yetu ametusamehe." Hakuna asemaye "baba yetu imetusamehe". Kitenzi ndicho kinachoonyesha wazi kwamba tunamsema mtu.

Kanuni ya pili basi ni hii: upatanisho wa Kiswahili unaweza kufuata umbo au kufuata maana, na vikishindana kwa viumbe hai, maana ndiyo hushinda.

5. Ndege, pepo, na Roho

Kuna nomino ambazo zina sura moja na maana mbili, na upatanisho peke yake ndio unaotuambia maana ipi imekusudiwa.

"Ndege imetua Mwanza." Umeelewa kwamba ni chombo kilichobeba abiria. "Ndege ametua juu ya Jiwe la Bismarck." Umeelewa kwamba ni kiumbe mwenye mabawa. Neno "ndege" halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni "i-" na "a-".

"Pepo zilivuma ziwani usiku kucha." Hizi ni pepo, wingi wa upepo, ambazo kila mvuvi anaziogopa. "Pepo walimtoka yule mgonjwa." Hawa ni pepo wachafu wanaotajwa katika Injili. Zingatia kwamba hata pepo mchafu amepewa "m-" na "a-". Kwa hiyo upatanisho huu haumaanishi kwamba anayetajwa ni mwema au ni wa kimungu. Unamaanisha kwamba ni yeye, si hicho. Ni mwenye nia anayetenda, si nguvu inayovuma tu.

Sasa tuje kwenye "roho". Mwanafunzi wa kidato cha pili yuko sahihi kabisa: "roho yangu inauma", "tuziombee roho za marehemu". Katika matumizi hayo roho ni I-ZI. Lakini Kanisa linapomtaja yule ambaye Yesu aliahidi kumtuma, husema Roho Mtakatifu ameshuka, anatuongoza, anatufundisha. Sura ya neno ni ile ile. Upatanisho umefuata maana. Ni sheria ile ile ya kiongozi na ya ndege. Kwa hiyo kosa la Kiswahili halipo.

Na jirani wa mama? Vitabu vya Mashahidi wa Yehova kwa Kiswahili huandika "roho takatifu", kwa sababu wao wanafundisha kwamba roho hiyo ni nguvu ya Mungu inayotenda kazi, si nafsi. Nao wameandika kwa kufuata wanavyoamini, na kisarufi sentensi zao zimesimama. Kwa hiyo si sahihi kumcheka jirani kwamba hajui Kiswahili. Kiswahili kimewapa watu wote vifaa vile vile. Tofauti iko katika kile kinachoaminiwa, na kiambishi kinaionyesha.

Tahadhari moja. Usiikamate "m-" peke yake ukasema umepata ushahidi. Tunasema "Moyo Mtakatifu wa Yesu" na "Msalaba mtakatifu", na "m-" hiyo inatoka ngeli ya U-I, kama mti mrefu. Tunasema "Utatu Mtakatifu", na hapo "m-" inafuata ngeli ya nomino zinazoanza na "u-", kama ukuta mrefu. Njia ya uhakika ni kusikiliza kitenzi: Msalaba mtakatifu umeinuliwa, lakini Roho Mtakatifu ametushukia.

6. Neno la Bwana, na Neno aliye Mwana

Jambo hili hili liko kwenye neno "neno". Msomaji akimaliza somo la Misa hutangaza, "Neno la Bwana." Hapo neno ni ujumbe uliosomwa, ngeli ya LI-YA, na "la" ni upatanisho wake wa kawaida. Lakini fungua Injili ya Yohane sura ya kwanza, au usikilize sala ya Malaika wa Bwana inaposaliwa saa sita mchana. Pale kitenzi kinachofuata Neno kinaanza na "a-", si "li-". Mtoto wa darasa la nne akiandika hivyo kwenye insha angewekewa alama ya kosa. Lakini pale si kosa. Neno linalosemwa pale ni Mwana wa Baba, aliyetwaa mwili kwa Bikira Maria.

Nimewahi kumsikia msomaji mmoja, kwa nia njema kabisa, "akisahihisha" mimbarini na kusoma kwa "li-". Hakukusudia kubadili imani. Lakini waliomsikia walisikia habari za sauti au ujumbe uliofanyika kitu, badala ya kusikia habari za Nafsi iliyokuja kukaa kwetu.

7. Sarufi haitungi imani

Hapa inabidi tuwe wakweli, hasa sisi tunaosoma falsafa. Je, tunaweza kusema, "Kiswahili kinatumia a-, kwa hiyo Roho Mtakatifu ni Nafsi"? Hapana. Hoja hiyo ni dhaifu. Kwa Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, neno pneuma, yaani roho, si la jinsia ya kiume wala ya kike kisarufi. Kwa Kilatini, spiritus ni la kiume. Kwa Kiebrania, ruah kwa kawaida ni la kike. Kama imani ingetegemea sarufi, kila lugha ingekuwa na imani yake. Vilevile neno verbum la Kilatini si la kiume wala la kike, lakini Wakristo wa Kilatini walimkiri Mwana kama tunavyomkiri sisi.

Msingi uko kwingine, na kwa mshangao wangu nilikuta kwamba msingi huo unarudi kwenye kitenzi. Wanafalsafa wa shule ya Mtakatifu Thoma wa Akwino husema kwamba kutenda hufuata kuwa: kila kitu hutenda kadiri kilivyo. Ukitaka kujua kitu ni nini, tazama kinafanya nini. Basi tazama vitenzi ambavyo Maandiko yanampa Roho Mtakatifu. Katika Yohane 14:26 atafundisha na kukumbusha. Katika Matendo ya Mitume 13:2 anasema na kuagiza Barnaba na Sauli watengwe kwa kazi. Katika 1 Wakorintho 12:11 anagawa karama kama apendavyo mwenyewe. Katika Waefeso 4:30 tunaonywa tusimhuzunishe. Upepo hauna apendavyo, na umeme hauhuzuniki. Kufundisha, kuagiza, kupenda na kuhuzunika ni matendo na hali za mwenye nafsi.

Kama vile aina ya neno inavyojulikana kwa kazi yake katika sentensi, ndivyo Kanisa lilivyomjua Roho Mtakatifu kwa kazi zake katika historia ya wokovu. Imani ilitangulia, na upatanisho ukaifuata. Kiswahili chetu hakikuithibitisha imani hiyo, ila kilikuwa na nafasi ya kuieleza vizuri, na nafasi hiyo ikatumika.

Jambo hili halikuanza kwetu. Karibu mwaka 375 Mtakatifu Basili Mkuu, Askofu wa Kaisaria, aliandika kitabu kizima kuhusu Roho Mtakatifu, na ugomvi uliokianzisha ulikuwa juu ya maneno madogo. Basili alikuwa amesali utukufu kwa Baba "pamoja na" Mwana "na" Roho Mtakatifu, wakati pengine alisali "kwa njia ya" Mwana "katika" Roho Mtakatifu. Wapo waliomlaumu. Walidai kwamba vihusishi tofauti vinaonyesha hadhi tofauti, na kwamba Roho asitajwe sawa na Baba. Basili akapita kwenye Maandiko, akaonyesha kwamba vihusishi vile hutumika kwa Baba, kwa Mwana na kwa Roho vilevile. Mwaka 381 Mtaguso wa kwanza wa Konstantinopoli ukakiri kwamba Roho Mtakatifu huabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Kila tunaposali Atukuzwe Baba, tunatamka "na" mara mbili. Ni kiunganishi kidogo, lakini kinaziweka Nafsi tatu katika utukufu mmoja.

Hata neno "nafsi" linatusaidia. Darasani tunasema nafsi ya kwanza ni anayesema, ya pili ni anayeambiwa, ya tatu ni anayesemwa. Katika katekisimu tunasema Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Mambo haya mawili tusiyachanganye. Nafsi ya Tatu ya Utatu si "nafsi ya tatu" ya sarufi. Lakini zingatia kwamba tunaposali tukisema "Uje", tumetoka kwenye kumsema tukaingia kwenye kumwambia. "U-" hiyo ni nafsi ya pili. Ni wewe.

8. Jumamosi iliyofuata

Nilirudi kigangoni na mfano wa ndege. Niliandika ubaoni sentensi mbili, "Ndege imetua" na "Ndege ametua", nikauliza tofauti. Wakatekumeni wote walijibu bila kusita. Kisha nikaandika "Roho". Mama yule akatazama ubao kwa muda, halafu akasema:

"Kumbe, Frateri, jirani anauliza 'ni nini?', na sisi tunauliza 'ni nani?'"

Nini na nani ni maneno mawili ya kuulizia ambayo mtoto huyajua kabla hajaanza shule. Maelezo yangu yote yalikuwa marefu kuliko hayo, na sina hakika kama yalikuwa wazi zaidi. Nikamwambia kwamba amesema sawasawa, na kwamba jirani akija tena amkaribishe, amsikilize, na amjibu kwa upole kwa Maandiko yale manne tuliyoyasoma.

9. Kwa wasomaji na makatekista

Mambo matatu ya kuzingatia tunapotumikia mimbarini na darasani:

Kwanza, soma somo nyumbani kabla ya Misa, na utazame viambishi. Ukikuta upatanisho unaokushangaza, usiusahihishe kwa haraka. Uliza ni nani au ni nini kinachotajwa.

Pili, usimeze maneno madogo. "Na", "kwa", "lakini", "ili", "kwa sababu" ndiyo yanayobeba hoja ya barua za Mtume Paulo. Msomaji akiyapita kwa haraka, waumini hubaki na orodha ya maneno bila mafundisho.

Tatu, mkatekumeni akiuliza swali la lugha, tusimjibu kama nilivyojibu mimi mara ya kwanza. Mara nyingi nyuma ya swali la lugha kuna swali la imani ambalo hajapata namna nyingine ya kuliuliza.

10. Zoezi

(a) Taja aina ya neno "wote" katika sentensi hizi: "Waumini wote wamefika." "Wote wamefika."

(b) Eleza tofauti ya maana: "Ndege wawili wametua." "Ndege mbili zimetua."

(c) Jaza kiambishi kinachofaa: Misa Takatifu __meanza. Msalaba mtakatifu __meinuliwa. Watakatifu __natuombea. Roho Mtakatifu __metushukia.

(d) Eleza tofauti: "Mtoto huyu hajabatizwa." "Mtoto huyu hakubatizwa."

Majibu: (a) La kwanza ni kivumishi, la pili ni kiwakilishi. (b) Wa kwanza ni viumbe hai, za pili ni vyombo vya usafiri. (c) i, u, wa, a. (d) Ya kwanza inasema tendo halijafanyika hadi sasa na bado linaweza kufanyika. Ya pili inasema kwamba wakati ule unaozungumziwa tendo halikufanyika.

Tunaoendelea na masomo, tuwaombee wakatekumeni wa vigango vyetu, na makatekista wanaojibu maswali yao kila wiki. Roho Mtakatifu awaangazie.